Kuongeza usafishaji wa gata kwenye kazi ya vioo, Tanga: shajara ya mradi, Januari hadi Mei

Januari 20

Kazi ya vioo ina wateja wa kudumu Raskazone, Chumbageni na Bombo, pamoja na ofisi chache za katikati ya mji. Gata, yaani mifereji ya ukingo wa paa inayopokea maji ya mvua, zinaongezwa kwa sababu ya vioo vyenyewe: dirisha lililo chini ya gata iliyoziba halikai safi. Mvua moja tu, gata inafurika, maji meusi ya majani yanapiga kizingiti na kurukia kioo, na anayelaumiwa ni msafisha vioo.

Wenye nyumba wazee husema michirizi, mafundi wote husema gata. Kwenye ankara tunaandika gata.

Sasa kaskazi inavuma na majani ni makavu. Masika hushika kati ya Machi na Mei, na Mei ndiyo huwa nzito zaidi hapa. Majaribio yaishe kabla ya katikati ya Machi. Ikishindikana, tusubiri Septemba kabla ya vuli, maana kujifunza kazi hii huku mvua inanyesha ni kuvunjika miguu.

Januari 23. Vifaa

Ngazi zilizopo ni za A, mbili, zinazotosha madirisha ya nyumba ya chini. Kwa gata hazifai: ukifika juu hakuna pa kushika. Imenunuliwa ngazi moja ya kuvuta ya fibaglasi, mita 6 ikifunguliwa. Ya alumini ni nyepesi na bei yake ndogo, lakini nyumba nyingi hapa waya wa TANESCO unaingilia pembe ya paa, hatua chache kutoka kwenye gata. Hatusogezi ngazi ya aina yoyote ndani ya mita 3 za waya huo. Kipande cha gata kilicho chini yake kinaachwa na kuandikwa kwenye ankara kwamba kimeachwa.

Ngazi haiegemezwi kwenye gata. Ya plastiki hupasuka, ya bati hubonyea, na zote mbili zinateleza. Fundi wa kuchomelea ametutengenezea chuma cha kuitenga na ukuta: bomba mraba la mm 25, upana sm 90, mikono ya sm 35, ncha zimevikwa vipande vya tairi. Kinafungwa kwenye vipago vya juu, ngazi inaegemea ukuta, na gata inakuwa mbele ya kifua cha anayefanya kazi. Kipimo cha kusimamisha ni kilekile cha siku zote: kila mita 4 za kwenda juu, miguu ya ngazi itoke mita 1 ukutani. Kwenye mchanga wa Sahare weka ubao wa sm 60 chini ya miguu, la sivyo mguu mmoja unazama mtu akiwa juu.

Vichoteo vya dukani havikupatikana, na havihitajiki. Dumu la mafuta ya kula la lita 5 likikatwa kwa mshazari, mpini ukibaki, linatoa kichoteo kinachojipinda kufuata umbo la gata na hakikwaruzi rangi ya bati. Mwiko wa fundi mwashi unakwaruza, na penye mkwaruzo chumvi ya bahari inaanza kazi yake. Tumekata madumu manne: mawili ya gata mraba, mawili ya gata nusu duara.

Mengine: ndoo mbili za lita 10 zenye ndoano ya nondo ya mm 8 za kutundika kwenye ngazi (ndoo ya lita 20 iliyojaa tope ni nzito mno kushuka nayo), viroba vya kilo 50, turubai mbili za mita 3 kwa 4, mpira wa maji mita 30, waya mgumu mita 6 wenye ncha iliyokunjwa, matambara, glovu ndefu za mpira, miwani, barakoa, helmeti. Gharama iliyouma ni ngazi.

Januari 28. Kupanga aina za paa

Tumezunguka kwa wateja kumi na wawili wa vioo bila kupanda, tukitazama tu kutoka chini. Watano hawana gata kabisa. Watatu wana gata za bati lililokunjwa na mafundi wa mjini, mraba, upana sm 15, kina sm 10. Wawili wana za plastiki. Mmoja ana paa la kujificha, lile ambalo ukuta umepanda juu na bati halionekani. Wa mwisho ana paa la zamani la asbesto.

La asbesto tumelikataa hapohapo. Vigae vyake vikizeeka huvunjika chini ya mguu, na kusugua au kukwangua kunarusha nyuzi ambazo hazitakiwi kuingia mapafuni. Haijalishi mteja anasema nini kuhusu "fundi wa mwaka jana aliyepanda tu".

Februari 4. Jaribio la kwanza

Nyumba ya chini, Raskazone, mikungu (miti ya kungu) miwili mikubwa ndani ya ua. Gata mita 34, mabomba manne ya inchi 3 ya kushusha maji. Watu wawili. Ilichukua saa 3 na dakika 20, na tope lilikuwa ndoo 11 za lita 20.

Kilichoharibika: tulianza kwa maji. Ilionekana rahisi, lowesha majani yalainike kisha usukume. Majani ya mkungu ni mapana na magumu kama ngozi. Yakilowa yanalaliana kama vigae, na yale madogo yaliyooza yakakimbilia mabombani. Bomba mbili kati ya nne ziliziba palepale. Tope lililomwagika ukutani liliacha weusi kama wa chai kali, kwa sababu majani ya mkungu yana utomvu wa kutia rangi, na rangi ya ukuta ilikuwa nyeupe. Kuusugua ule ukuta kulikula dakika 40 ambazo hakuna wa kuzilipia.

Utaratibu uliokubaliwa baada ya hapo:

Ziba mdomo wa kila bomba kwa tambara kabla hujagusa jani. Choteni makavu, mkianzia kwenye mdomo wa bomba na kwenda mbali nao, mkijaza ndoo, si kutupa chini. Penye kinyesi cha ndege nyunyiza maji kidogo kwanza, vumbi lake likae, na barakoa ivaliwe. Tandika turubai kwenye madirisha ya chini na funga luva. Ondoa tambara. Ndipo maji, kutoka mwisho wa gata kuelekea bombani.

Kuhusu mabomba. Kilichoyaziba hakikuwa majani pekee. Popo hubeba kungu usiku, wanatafuna nyama na kuangusha kokwa juu ya bati. Kokwa inabiringika hadi kwenye gata, inaelea mvua ikinyesha, inaingia bombani na kukwama kwenye elbo ya kwanza, ile inayorudisha bomba ukutani. Kokwa tatu zikikutana kwenye elbo ya inchi 3, majani yanamalizia. Usisukume kutoka juu: waya unazishindilia zaidi. Fungua elbo ya juu, mara nyingi haijagundishwa, imechomekwa tu, na uzitoe kwa mkono. Ikiwa imegundishwa, pandisha waya kutoka chini. Na usijaze bomba lililoziba kwa maji ukitegemea uzito uyasukume. Mita 3 za maji zinatosha kuchomoa kiungo kisicho na gundi, na kikichomoka kiko usawa wa dirisha.

Februari 6. Simtanki

Nyumba ya pili inavuna maji ya mvua. Kabla ya chochote, bomba linaloingia simtanki linachomolewa na kuelekezwa nje. Limeandikwa mstari wa kwanza kwenye karatasi ya kazi, kwa herufi kubwa, kwa sababu kosa hili halirekebishiki kwa tambara: lita 2,000 za maji ya kupikia zinakuwa supu. Gata za nyumba ya aina hii hazitiwi sabuni wala dawa ya klorini. Maji na mkono tu.

Mteja aliuliza kama tunaweza kumwekea kitu cha kutupa maji ya kwanza ya mvua. Hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Paa lake ni mita mraba 120, na kutupa nusu milimita ya kwanza ni lita 60. Bomba la inchi 4 lililosimama linashika karibu lita 8 kwa mita, kwa hiyo lingehitajika bomba la mita 7 na nusu, refu kuliko nyumba. Pipa la lita 60 lenye koki ya kumwagia chini ndilo jibu, lakini hiyo ni kazi ya fundi bomba. Tumempa hesabu, si kazi.

Februari 13. Bei

Tunahesabu kwa mita ya gata, si kwa vyumba wala kwa "nyumba". Nyumba ya chini sh 1,500 kwa mita, ya ghorofa sh 2,500, kazi ndogo kuliko zote sh 40,000. Bomba lililoziba sh 10,000 kila moja, na linatajwa kabla ya kuanza, kwa sababu mwenye nyumba hawezi kuliona na akikutana nalo mwishoni atadhani limetungwa. Maneno yanayofanya kazi kwenye simu ni mafupi: "Shikamoo mama. Gata zako ni mita 34, ni elfu hamsini na moja. Mabomba yakiwa yameziba nitakuonyesha kabla sijayafungua." Wanaouliza "mnapunguza ngapi" wanapewa jibu moja: akichukua na vioo siku hiyohiyo, nauli ya bajaji ya mizigo hailipwi mara mbili. Bei ya mita haishuki.

Leseni ya biashara imepelekwa Halmashauri ya Jiji iongezwe aina ya kazi. Helmeti, glovu na mikanda ni jukumu la mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, kwa hiyo havikatwi kwenye posho ya mtu.

Februari 20. Tunachotengeneza na tunachoacha

Gata safi inayotuama maji haijafanya kazi yake. Mteremko unaotakiwa ni mm 3 hadi 5 kwa kila mita, yaani gata ya mita 12 ishuke sm 3.6 hadi 6. Tunapima kwa kamba ya fundi na pimamaji. Gata ya mraba ya sm 15 kwa 10 ikijaa inabeba lita 15 kwa mita, kilo 15, na fundi aliyeweka breketi kila mita moja badala ya kila sm 60 ameijenga ipinde. Pale ilipopinda maji yanabaki. Yakibaki wiki moja hadi siku kumi, mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, ameshamaliza kutoka yai hadi kuruka, na mayai yake hayafi gata ikikauka, yanasubiri miezi. Dengi ya 2019 ilifika hapa Tanga, kwa hiyo wateja wanaelewa haraka wakionyeshwa viluwiluwi kwenye ndoo.

Tunachukua: breketi zilizolegea, kizibo cha mwisho kilichotoka, kiungo kinachovuja. Kiungo cha bati kinasafishwa hadi kikauke kabisa, silikoni katikati ya mapande, ribeti za alumini kila sm 4. Silikoni inayonuka siki haitumiki kwenye bati lenye zinki, inalila; chukua ile isiyo na harufu ya siki na usome kwenye mrija. Vumbi la chuma la drili lifagiliwe palepale, likilala usiku mmoja na umande wa bahari bati linatoka madoa ya kutu.

Hatuchukui fishabodi iliyooza, yaani ubao wa ukingo wa paa unaoshika gata. Msumari haushiki mbao kama hiyo, na ukiigusa, gata nzima inakuwa yako.

Machi 4. Ramadhani

Mtu aliyefunga hapandishwi ngazi baada ya saa 4 asubuhi. Jua la Machi na kiu vinaleta kizunguzungu, na kizunguzungu juu ya mita 4 hakina swaumu wala futari. Gata zinaanza saa 12:30 asubuhi, zinaisha saa 4, baada ya hapo vioo vya chini na vya ndani. Siku inabeba nyumba moja badala ya mbili. Imekubalika.

Machi 17. Mvua ya kwanza, na kosa kubwa la mradi

Mvua ya usiku, nzito, chini ya saa moja. Nyumba sita zilizokamilika, mbili zimefurika. Zote mbili zilikuwa zimejaribiwa kwa mpira wa maji na kupita.

Kosa liko kwenye jaribio. Mpira wetu unajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 80, yaani lita 15 kwa dakika. Sasa chukua paa la mita mraba 120 na mvua ya mm 60 kwa saa: ni lita 120 kwa dakika. Zikigawanywa kwa mabomba manne, kila moja linapokea 30, mara mbili ya mpira. Bomba lililoziba nusu linapitisha maji ya mpira bila kulalamika na linashindwa na mvua. Kwa wiki sita tulikuwa tunajaribu gata kwa manyunyu na kuziuza kwa masika.

Jaribio jipya: ndoo mbili za lita 20 zimwagwe pamoja, kwa mkupuo, hatua moja kutoka kwenye mdomo wa bomba. Aliye chini anatazama yanavyotoka, aliye juu anatazama kimo. Bomba wazi linatoa maji yenye nguvu mara moja na gata inabaki na utando tu ndani ya nusu dakika hivi. Maji yakipanda gatani, yakatoa mlio wa gulugulu na kutoka chini kwa mafungu, kuna kitu kwenye elbo. Fungua.

Nyumba zote sita zimerudiwa bila malipo. Mbali na zile mbili, bomba jingine moja lilikuwa limeziba nusu. Ndani yake: kokwa moja ya kungu na kipande cha waya wa kiota.

Viota hivyo vinahitaji maelezo. Kunguru wa mjini hajengi kwa vijiti peke yake, anachanganya waya wa kufungia nondo, nyuzi za mkonge, vipande vya hanga. Kiota kikikaa pembeni mwa gata, waya zinaanguka moja moja na kuwa nyavu ndani ya bomba. Ukikitoa wakati kina makinda, wazazi wanashuka kichwani. Helmeti si ya mapambo.

Machi 27. Paa la kujificha, siku chache kabla ya Idi

Wiki ya vioo. Kila nyumba inataka vioo ving'ae kabla ya Idi, na tulikuwa tumepanga kutogusa gata. Yule mwenye paa la kujificha akapiga simu: dari la jipsamu limetoa doa sebuleni.

Gata ya kawaida ikiziba inamwaga nje. Ya paa la kujificha iko kati ya bati na ukuta, haina pa kumwagia; maji yakipanda yanavuka ncha ya bati na kuingia darini. Kwa hiyo hapa hakuna "itasubiri baada ya sikukuu". Iliyokuwepo ilikuwa ya zege, upana sm 40, matundu mawili ya inchi 3, yote yamefunikwa na vijani vya mwarobaini vilivyoshikana kama mkeka. Tundu la dharura, lile la juu kidogo linalotakiwa kutoboa ukuta na kumwaga nje ili mwenye nyumba aone, halikuwepo. Limeandikwa kwenye ripoti kama jambo la kwanza la kumwambia fundi wake.

Kupanda huko ni kutembea juu ya bati, na bati la geji 30 halibebi mtu katikati ya mbao. Kanyaga mstari wa misumari, ndipo papi (mbao zinazobeba bati) zilipo, kwa viatu vya mpira na bila ndoo mkononi; ndoo ivutwe kwa kamba. Mkanda umefungwa kwenye nguzo ya zege, si kwenye bomba la maji. Kusafisha kulichukua saa 2 kwa mita 18. Zege lina uso wa kukwaruza na linashika tope, kwa hiyo bei ya aina hii imepanda hadi sh 3,000 kwa mita.

Aprili 9. Mpangilio wa siku moja

Gata kwanza, vioo mwisho, hata mteja akitaka kinyume. Kati yao kuna hatua ambayo mwanzoni tuliiruka: nyavu za mbu. Zinanywa maji ya tope na kuyadondosha kwenye kioo kesho yake. Sasa zinatolewa, zinapigwa maji pande zote mbili, zinakaushwa wakati ukuta unafutwa. Madirisha yanayotazama bahari yanasuuzwa kwa maji baridi kabla ya kitambaa chochote. Ukifuta chumvi kavu unapaka ukungu. Madoa meupe ya chokaa kwenye kioo yanatoka kwa siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, dakika tano, mbali na marumaru.

Nyavu za kufunika gata zimejaribiwa kwenye nyumba mbili. Chini ya mkungu zinasaidia: jani na kokwa vinabaki juu na upepo unavikokota. Chini ya mwarobaini na mivinje ni hasara, vijani vinachoma matundu na kufanya blanketi, na sasa kusafisha kunataka kung'oa nyavu kwanza. Tunaziuza kwa mwenye mikungu peke yake.

Mei 12

Nyumba 19 zimekamilika. Tangu jaribio la ndoo mbili lianze, gata moja tu imefurika, na hiyo ni ile yenye mteremko wa nyuma ambao mwenye nyumba alikataa kuurekebisha. Imeandikwa na ameweka sahihi. Picha mbili kwa kila bomba, kabla na baada, zinatumwa kwa WhatsApp siku hiyohiyo.

Hakuna anayepanda bati wakati huu wa mvua. Kazi zinazoingia ni za kufungua mabomba kutoka chini, na hizo zinawezekana kati ya mvua na mvua bati likiwa halijaguswa.

Yaliyobaki: ngazi ya pili ya fibaglasi kabla ya Septemba, chuma cha kutenga kirefu zaidi kwa nyumba zenye fishabodi pana, na orodha ya wateja wenye mikungu ipangwe peke yake. Mkungu hupukutisha majani hadi mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo wao wanapigiwa simu mara mbili: mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba. Wengine wote mara moja, Septemba.